Kabla hujamuuliza fundi cc ngapi, muulize itapoa na nini

Mkuu, weka grainda chini. Chomoa na waya ukutani kabisa, kisha ndiyo usome.

Umesema una bagi ya Kichina ya viti viwili, kile kigari cha wazi cha kuchezea mchangani, injini yake ya GY6 ya skuta, cc 150, imekufa, umepata injini ya bodaboda ya cc 200 kwa bei ya kutupa, na fundi kakuambia ni kazi ya siku mbili. Unauliza sproketi ya nyuma iwe na meno mangapi, waya za CDI, kile kiboksi cha kuipa plagi moto, zinaungwaje, rivasi utaipata wapi, na kama tangi la zamani litafaa. Nimeusoma uzi wako mara mbili nikitafuta swali moja tu na sikuliona. Hiyo injini ukiifungia nyuma ya kiti, itapoa na nini?

Na waliokujibu hapo juu wote wanakupigia makofi. "Safi sana mkuu, cc 200 itapaa hiyo." Itapaa kweli. Moshi wake.

Mimi nimeshalipa ada ya somo hili, tena nimelipa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuelewa. Bagi yangu niliinunua kwa jamaa aliyekuwa akifunga biashara ya kukodisha ufukweni Kigamboni. GY6 haikuwa na kompresheni. Nikampelekea fundi mmoja ambaye mtaani kwetu anaheshimika kuliko mwenyekiti. Akaitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa wa mafua, akasema, "Hii injini ya skuta, ya kuendea sokoni. Toa, weka ya boda. Boda inabeba mishikaki na gunia la mkaa juu, inatoka Mkuranga mpaka mjini, itashindwa na hili toroli?"

Sasa niambie, nani angebisha hapo? Kila siku unaziona zinabeba watu watatu na mtungi wa gesi. Nikamwamini. Za kuambiwa nikazichukua zote, za kwangu za kuchanganya sikuwa nazo.

Nikaenda kukagua tena kwenye video, maana mimi ni msomi. Nikampata mzungu mmoja kafanya hivyo hivyo, injini ya pikipiki isiyo na feni, nyuma ya kiti, inakimbia vizuri tu. Dakika kumi na moja za furaha. Nilikuja kuirudia ile video baadaye, baada ya msiba, nikaona kitu ambacho mara ya kwanza hakikunigusa. Jamaa kavaa koti na glovu, na pumzi yake inatoka mvuke mdomoni. Uwanja mzima una barafu! Mimi nilikuwa naenda kuendesha kwenye mchanga wa Kigamboni mwezi wa kwanza.

Haya, sikiliza kwa nini boda inabeba mishikaki na haifi. Ile injini inaning'inia mbele, uchi, mapezi yake ya silinda, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yanatazama upepo. Dereva akienda sitini, upepo wa sitini unapita kwenye mapezi. Huo upepo ndiyo rejeta yake, hana nyingine. Oili iliyomo ndani ni kama lita moja tu, haiwezi kubeba joto lote peke yake. Halafu wewe unaichukua hiyo injini, unaificha nyuma ya viti viwili vipana na watu wawili wapana, nyuma ya bati ambalo fundi kaliweka "ili joto lisikuchome mgongo", na ekzosi umeikunja ikapita kando ya silinda kwa sababu nafasi haikutosha. Kisha unaingia mchangani, gia ya pili, mafuta yote, spidi ishirini. Injini inafanya kazi ya kupanda mlima na upepo inaopata ni wa mtu anayepuliza chai.

Yangu ilikwenda kama nusu saa. Nilikuwa na shemeji yangu. Kwanza ikaja harufu, nikasema breki. Kisha nguvu zikaanza kupungua, nikasema mchanga. Kisha ikaanza kugonga, ka-ka-ka-ka, kama karanga kwenye sufuria, shemeji akasema hizo ni vali, naye ni mwalimu wa jiografia. Nikaongeza mafuta ili tutoke kwenye mchanga laini. Ikajifunga. Haikuzimika taratibu, ilijifunga, na kwa kuwa ekseli ya nyuma ni moja isiyo na difu ya kuyaachia matairi yazunguke tofauti, matairi yote mawili yakaganda pamoja na sisi tukabaki tunautazama usukani.

Pistoni ni aluminiamu, sleeve ya silinda ni chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikizidi, ile nafasi ndogo iliyoachwa kati yao inaisha, oili inakimbia, pistoni inaanza kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Nilipoifungua, upande wa ekzosi ulikuwa umechunika kama umepigwa msasa na ringi zimegandia kwenye mifereji yake.

Fundi alisemaje? Alisema sikuifanyia ranini. Kosa langu! Kwamba injini iliyofunguliwa lazima ibembelezwe kwanza, na mimi nimeipeleka ufukweni kama mume mpya. Nikakubali, maana kulikuwa na ukweli ndani yake na uongo mzuri huwa hivyo. Tukachonga silinda, tukaweka pistoni ya 0.50, yaani iliyozidi ile ya kwanza kwa nusu milimita, nikaibembeleza wiki mbili kuzunguka uwanja wa shule. Na kwa usalama zaidi akanishauri tuweke feni ya umeme, ile ya rejeta ya gari ndogo, ielekee kwenye silinda. Nikajisikia nimefika Ulaya.

Feni ile inakula kama wati themanini. Injini ya boda inachaji kiasi cha taa na honi na kidogo cha kurudisha betri, basi. Kwa hiyo feni haikuwa inakula chaji, ilikuwa inakula betri. Ikaanza kuvuma kwa nguvu, kisha kwa adabu, kisha ikawa inazunguka kama feni ya msikitini umeme ukiwa mdogo. Sikuiona, iko nyuma yangu. Sikuisikia, ekzosi inapiga kelele. Hata ingezunguka vizuri, haikuwa na kava la kuubana upepo upite kwenye mapezi. Nusu ya upepo ulikuwa unapuliza fremu.

Mara ya pili haikuchukua hata nusu saa.

Aliyetuvuta kurudi barabarani ni kijana wa guta, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, katoka kupeleka matofali. Alitutoza elfu kumi na tano na kicheko cha bure. Nikiwa nimekaa kwenye maiti yangu, kamba mbele, nalitazama guta lile likituvuta mchangani, lina matofali mengine nusu juu, jua la saa nane, na injini yake ni cc 200 kama yangu. Haigongi, hainuki. Tulipofika lami nikashuka nikachungulia. Rejeta. Rejeta ndogo kama daftari, feni nyuma yake, inazunguka. Injini ya maji, inapozwa na maji badala ya upepo. Yaani yule kijana wa matofali alikuwa na jibu chini ya makalio yake na mimi nilikuwa nimemlipa fundi anifiche jibu hilo.

Hesabu yangu: injini 750,000, kuchomelea mabano 200,000, kuchonga na pistoni 120,000, feni 60,000, betri mpya 90,000. Hiyo ni 1,220,000 ya kununua chuma cha kushikilia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Ndiyo kazi inayofanya sasa, na inaifanya vizuri, maana hapo upepo inaupata.

Sasa nirudi kwako, maana kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi ya hiyo ya boda. GY6 yako ilikufa na nini? Hujasema. GY6 pia ni ya upepo, lakini ina feni yake mwenyewe, imefungwa kwenye magneti upande wa kulia, inazunguka injini inapozunguka. Lile kava jeusi la plastiki linaloizunguka silinda si urembo. Linaukamata upepo wa feni na kuulazimisha upite kwenye mapezi. Ndiyo maana injini ile inakaa nyuma ya kiti cha skuta, imefunikwa pande zote, na haifi. Sasa mafundi wetu wakilitoa kava ili wafikie vali, hawarudishi. Boliti zimepotea, plastiki imepasuka, "hiyo haina kazi bosi, injini inapumua vizuri zaidi ikiwa wazi". Kumbe ikiwa wazi ndiyo haipumui kabisa, feni inapuliza hewani. Yangu ilikuja bila kava. Nilijua hilo baada ya yote, nilipoona bagi nyingine nzima, nikasimama pale nikiwa nimeshika kichwa. Ile ya kwanza ilikufa kwa kukosa plastiki, na mimi nikaibadilisha na injini ambayo haikuwa na plastiki wala feni.

Kwa hiyo ungeniuliza mimi ningekuambia ifufue GY6. Seti ya silinda na pistoni ya milimita 57.4 pamoja na kava zake haifiki hata robo ya ninayokuambia nilizika, na rivasi yako ile ya wenzo uliyonayo inabaki palepale. Ukiitoa GY6 rivasi inaondoka nayo, boda haina.

Ingawa kwa upande wa rivasi mimi nilibahatika, nilikuwa nazo tano. Kweli. Sproketi ya ekseli yangu iko kulia na ya injini ya boda iko kushoto, fundi akaona njia rahisi ni kuigeuza injini itazame nyuma. Cheni ikanyooka vizuri mno. Tukawasha, nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi, bagi ikarudi nyuma ikapanda ndoo ya maji ya mama lishe. Ya pili, nyuma. Injini ukiigeuza, mzunguko wake unageuka nayo. Ilibidi tukate mabano yote na kuhamishia sproketi ya ekseli upande wa pili, na hiyo ni sehemu ya ile laki mbili ya kuchomelea. Nilimnunulia mama lishe ndoo mpya.

Kama unang'ang'ania cc 200, tafuta ya maji na rejeta yake na feni yake, vyote kutoka kwenye kitu kimoja, usinunue vipande. Rejeta ukaiweke mbele inapopata upepo, na ukijaza maji toa hewa yote kwenye mabomba, maana bomba refu likibaki na hewa ni kama hujaweka maji. Au tazama injini ya bajaji, zile za upepo. Imekaa nyuma, chini ya abiria watatu, kwenye foleni ya Mbagala mchana kutwa, na inaishi, kwa sababu ina feni na kava kama GY6. Na rivasi imo ndani ya gia boksi yake. Ila ile ina difu na shafti zake, ekseli yako itabidi uiage.

Najua atatokea mtu hapa aseme yake ya boda ina miaka mitatu inapiga kazi. Sawa mkuu, hongera. Ukimuuliza vizuri utakuta ni ya kiti kimoja, injini imetokeza ubavuni kwenye upepo, na anaendesha kwenye changarawe kule Njombe amevaa sweta. Na wa kusema weka oil cooler, kirejeta cha kupoza oili, pia najua anakuja. Inasaidia. Panadol pia inasaidia.

Sproketi: kabla ya kuhesabu meno, pima cheni. Boda zetu nyingi zinatumia cheni ya 428, pini kwa pini milimita 12.7. Bagi nyingi za Kichina nyuma zina sproketi ya 520 au 530, ambayo ni milimita 15.875. Hazilingani, na fundi atakuambia "itazoeana". Haizoeani, itakula meno.

Uliuliza na kingine, kimenitoka, nina hasira. Hiyo kesho.

Sasa hivi nenda kwenye hiyo GY6 iliyokufa, simama upande wa kulia, piga picha. Nataka kuona kama kava jeusi lipo, na kama lipo, boliti zake zote zipo ngapi. Ilete hapa kabla hujampa fundi hata elfu kumi ya vocha.