Siku Moja Kazini: Maswali Yenu kutoka Kigoma

Tangu niseme hapa kwamba kila mwanafunzi wa sekondari apewe walau siku moja ya kufuatana na mtu kazini na kutazama, maswali yamemiminika. Nayajibu manne.

Nina wanafunzi 40 wa Kidato cha Tatu. Nikodi basi niwapeleke wote bandarini? (Mwalimu, Ujiji)

Basi liache, mwalimu wangu. Wakishuka 40 kwa pamoja hiyo ni ziara: watapewa maelezo getini, watapiga picha, watarudi. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka vijana 12 kwenye karakana moja, na saa nne asubuhi nikawakuta wameshika mafagio. Fundi hakuwa na nia mbaya, alikosa tu la kuwafanyisha.

Tafuta mtu, usitafute kampuni. Mtu mmoja, mwanafunzi mmoja, wakizidi sana wawili. Anza kwa kuuliza wazazi wa darasa lako wanafanya kazi gani. Utapata karani wa mizigo, fundi cherehani na muuza duka la dawa kabla hujagonga mlango wa ofisi yoyote. Ukienda ofisini, beba barua yenye muhuri wa shule, iliyotaja siku, saa na mwalimu wa kupigiwa simu.

Likizo ya Juni naweza kuwapanga vijana mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki? (Mwalimu wa Biashara, Mwandiga)

Uliza kwanza kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukiwapeleka kipindi kama hicho watakuta mitumbwi imepumzishwa mchangani.

Hata ziwa likiwa wazi, angalia mwezi. Dagaa huvutwa na taa gizani; mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu na wavuvi wengi hubaki nyumbani. Chagua siku za giza, vijana wafike alfajiri mitumbwi inaporudi. Wakija saa tatu wataambiwa habari za mzigo uliokwisha kuuzwa. Kila mmoja amfuate mtu wake: huyu akae na dalali, yule na mama anayeanika, jioni walinganishe hesabu. Bei ya beseni moja ina mengi kuliko kurasa kumi za daftari la Biashara. Ila kuingia ziwani usiku, hapana kabisa.

Nikimpokea mtoto wa shule, sitaambiwa namtumikisha? (Mwenye karakana, Katubuka)

Akitazama na kuuliza, hutumikishi mtu. Akibeba vyuma kutwa, hapo una kesi, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumpa kazi za hatari. Dai idhini ya mzazi kwa maandishi, na mashine ya kuchomelea asiisogelee.

Nitamfuata fundi wa injini za meli. Nimuulize nini? (Mwanafunzi, Kidato cha Tatu)

Usianze na mshahara, mdogo wangu. Anza na meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi. Iliibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Muulize fundi: grisi ile ilizuia nini, na yeye leo angepaka wapi?