Mtafiti wa Amani na magonjwa ya mahindi na muhogo

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa kibarua katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na alipenda kutusimulia habari za Mzungu mmoja aliyefuga wadudu ili ajue chanzo cha magonjwa ya mahindi na muhogo. Je, mtu huyo alikuwa nani, na kazi yake ilileta faida gani? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Ndugu msomaji, inaelekea babu yako alimzungumzia Harold Haydon Storey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894 na kuhamia Amani mwaka 1928. Kabla ya hapo alikuwa Afrika Kusini, ambako alithibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi, ule unaochora mistari ya manjano kwenye majani, huenezwa na mdudu mdogo arukaye kama panzi, aitwaye kitaalamu Cicadulina mbila, anaponyonya utomvu wa mmea mgonjwa kisha akahamia kwenye mmea mzima.

Sehemu inayonivutia kuliko zote katika kazi yake ilitokea Amani. Storey aliona kwamba wadudu wa aina ile ile, waliolishwa majani yale yale yenye ugonjwa, hawakuwa sawa: wengine waliambukiza mahindi, wengine hawakuambukiza kabisa. Aliwazalisha kizazi baada ya kizazi akagundua kwamba uwezo huo hurithiwa. Kisha akachukua sindano nyembamba mno, akawadunga tumboni wale wasioambukiza hadi utumbo ukatoboka, na baada ya hapo baadhi yao wakaanza kuambukiza kama wenzao. Ina maana kwamba virusi walikuwamo ndani ya mdudu muda wote, ila ukuta wa utumbo uliwazuia wasipenye kufika kwenye damu na tezi za mate. Hebu fikiria utulivu wa mkono unaohitajika kumdunga mdudu mwenye urefu wa milimita chache bila kumuua! Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1933, na mwaka 1946 Storey alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, jumuiya mashuhuri ya wanasayansi.

Kuhusu muhogo, ugonjwa uliomshughulisha ni batobato, unaokunja majani, kuyatia mabaka ya manjano na kupunguza mavuno. Mwaka 1938 yeye na mwenzake, R. F. W. Nichols, walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi nzi weupe wanavyoueneza. Lakini nzi ni njia moja tu. Kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, mkulima anayekata pingili kwenye shina lenye ugonjwa huupeleka ugonjwa huo shamba jipya kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo walitafuta muhogo wenye uwezo wa kuustahimili. Waliuchavusha muhogo wa kawaida na jamaa yake mwitu, ule mti uitwao mpira, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake. Machotara ya kwanza yalistahimili batobato lakini mizizi yake haikufaa kuliwa, hivyo ikalazimu kuyachavusha tena na tena na muhogo wa kawaida, kazi ya miaka mingi ambayo Nichols aliibeba kwa sehemu kubwa na ambayo D. L. Jennings aliiendeleza baadaye. Naona si haki sifa zote zikimwendea Storey peke yake, wala tusiwasahau vibarua kama babu yako, kwa maana mimea na wadudu hao walihitaji kutunzwa kila siku.

Shughuli za Amani zilipohamishiwa Muguga, nchini Kenya, Storey naye alikwenda huko, na alifariki mwaka 1969. Katika miaka ya 1970, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko mjini Ibadan, Nigeria, walitumia vizazi vya muhogo vilivyotokana na ule wa Amani kuzalisha mbegu zinazostahimili batobato, ambazo baadaye zilisambazwa kwa wakulima katika nchi nyingi za Afrika.