Protini "hazivunjiki" au "hazimeng'enywi"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, natafsiri kipeperushi cha ndugu wa wagonjwa wa Parkinson. Nimeandika, "Protini hazivunjiki vizuri katika ubongo wa mgonjwa." Mwenzangu anataka "hazimeng'enywi". Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika la mwenzako.

Kikombe huvunjika, mguu huvunjika, ndoa huvunjika. Mswahili akisikia kitenzi hicho anasikia hasara. Mama anayemuuguza mumewe akisoma kwamba protini "hazivunjiki", atashukuru Mungu kuwa ziko nzima, kumbe hapo ndipo penye ugonjwa: protini iitwayo alfa-sinukleini, iliyopaswa kuondolewa, inabaki ndani ya seli za neva na kugandamana. Madonge hayo huitwa kwa jina la daktari Mjerumani Friedrich Lewy, aliyeyaeleza mwaka 1912.

Kumeng'enya ni kukifanya kitu vipande vidogo vidogo. Shuleni tumejifunza mmeng'enyo wa chakula, na kimeng'enya kimepata jina lake humo humo. Seli nayo ina kijifuko chenye asidi na vimeng'enya, yaani lisosomu. Protini ikiingia humo hutoka asidi amino, na seli huzitumia kujenga protini nyingine. Msomaji wako ataelewa mara moja, kwa sababu ndivyo tumbo lake linavyoifanyia maharage.

Seli ina njia nyingine pia, proteasomu, yenye umbo la pipa. Protini hubandikwa alama ya ubikwitini, hukunjuliwa, kisha huvutwa ndani kama uzi unaopita tundu la sindano. Mle hukatwakatwa. Ukieleza hatua hiyo peke yake, "kukatakata" ni neno zuri mno. Nalipenda kwa sababu mtu anauona mkato wenyewe.

Sasa tazama mwisho wa kitenzi, maana hapo wafasiri wengi huteleza. Protini iliyokosa umbo lake ukiiita "iliyokunjwa vibaya", msomaji atauliza ni nani aliyeikunja. Protini hujikunja, basi andika "iliyokunjika". Lakini mmeng'enyo una mtendaji, naye ni seli. Mtaje:

"Seli za ubongo zinashindwa kumeng'enya protini zilizokunjika vibaya, nazo zinarundikana na kuwa madonge."

Tafadhali usiziite "protini za ugonjwa". Alfa-sinukleini imo hata katika ubongo wa mtu mzima wa afya.