Taarifa Ikivuja, Mtaa Hunyamaza

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni mahusiano ya polisi na wananchi katika mitaa na kata zetu. Tumemkabidhi mshauri wa safu hii, ambaye ni mkaguzi wa polisi mstaafu, azijibu. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kwa maombi yao wenyewe.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa mmoja jijini Mwanza. Tuna kikundi cha ulinzi shirikishi, na mkaguzi wa kata amekwisha kuja mara tatu kuhutubia mikutano, kugawa namba yake ya simu na kuomba ushirikiano. Mkutano wa kwanza ulijaza uwanja wa shule. Wa tatu ulihudhuriwa na watu kumi na tisa, wengi wao wajumbe wenzangu. Sababu ninaijua. Mama mmoja muuza samaki alikwenda kituoni akamtaja kijana anayenunua betri za pikipiki za wizi, na kabla ya siku mbili kupita kijana huyo alisimama mbele ya meza yake akamwambia, "Mama, asante kwa salamu zako za kituoni." Tangu siku hiyo hakuna anayefungua mdomo. Tufanye nini ili wananchi na polisi waaminiane tena? – Katibu, Mwanza

JIBU: Ndugu Katibu, msiitishe mkutano wa nne kwanza. Watu wenu hawakosi elimu ya polisi jamii, yaani polisi na wananchi kulinda mtaa kwa pamoja, kwa kuwa wameisikia tangu Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema alipoanza kuinadi baada ya kushika wadhifa huo mwaka 2006, na wengi wanaweza kuihubiri kuliko sisi. Wanachokosa ni uhakika kwamba neno watakalolisema kituoni litabaki kituoni.

Taarifa nyingi huvujia kaunta, na mara nyingi huvuja bila askari yeyote kuhongwa. Mtazame mama yenu siku ile alipoingia. Kwenye benchi wameketi watu wanane: mmoja amekuja kufuata RB, yaani namba ya taarifa kituoni, ya simu iliyopotea, wawili wameleta chakula cha mahabusu, mwingine anasubiri kumdhamini shemeji yake. Askari wa zamu, kalamu mkononi, anauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea makelele, "Unamlalamikia nani? Anakaa wapi? Na wewe unaitwa nani?" Nalisema hili kwa aibu, kwa sababu nilipokuwa konstebo nilimuuliza mzee mmoja maswali hayohayo kwa sauti hiyohiyo, na nyuma yake alikuwa ameketi kaka wa mtuhumiwa, na hotipoti ya wali mapajani. Mzee alihama mtaa kabla ya mwezi kwisha. Hakuna aliyenikaripia, maana kitabu nilikijaza vizuri sana.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwomba Mkuu wa Kituo si semina, bali ni chumba chenye mlango, au hata kiti kilichowekwa mbali na benchi, ambako mtu mwenye taarifa nyeti atapelekwa kabla hajaulizwa jina. Jambo la pili ni kuwafundisha wananchi tofauti ya watu watatu ambao kaunta huwachanganya. Mlalamikaji ni yule aliyetendewa kosa, na jina lake haliwezi kufichwa kwa sababu kesi ni yake. Shahidi ni yule atakayesimama mahakamani kueleza alichokiona. Mtoa taarifa anatupa mwanga tu, wala jina lake halina haja ya kuandikwa kwenye kitabu kinachofunuliwa mbele ya kila mtu. Mama yenu alikuwa mtoa taarifa, akashughulikiwa kama mlalamikaji. Sheria yetu ya ushahidi imekwisha kumkinga mtu wa namna hiyo, kwani askari hawezi kulazimishwa kueleza alikopata habari za kutendeka kwa kosa. Na tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Kinga ipo kwenye maandishi, lakini inashindwa na ukubwa wa sauti ya askari wa zamu.

Kuhusu mama mwenyewe, ninyi viongozi msimwache peke yake na meza yake ya samaki. Wewe na mtendaji wa mtaa nendeni kwa Mkuu wa Kituo, na ikibidi kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), mkaeleze tarehe na saa aliyokwenda, kwa kuwa daftari la zamu litaonyesha nani alikuwa kaunta. Maneno ya kijana yule yapelekwe kama kitisho, hata kama yalisemwa kwa tabasamu. Mtaa mzima unatazama kitakachofanyika kwa mama huyo, na majibu ya suala lake yatawaambia watu mengi kuliko hotuba ya kamanda yeyote.

Liko jambo lingine ambalo hukulitaja, nami nina hakika lipo kwenu kwa kuwa lipo kila mahali. Wananchi humkamata mwizi Jumatatu, wakamkabidhi, na Jumatano wakamwona anakunywa soda dukani. Wote huamua hapohapo kwamba polisi "wamekula". Pengine ni kweli wamekula, sitawatetea wote. Lakini mara nyingi mtu huyo yuko nje kwa dhamana, ambayo ni haki yake kwa makosa mengi, na kesi inaendelea. Nyingine hufa kwa sababu walalamikaji na mashahidi hawatokei mahakamani. Nimewahi kukaa kwenye korido ya mahakama ya mwanzo tangu asubuhi hadi adhuhuri nikimngoja mlalamikaji ambaye alikuwa sokoni akieleza jinsi polisi walivyomwachia mwizi wake. Mtaa hauwezi kujua tofauti hizi usipoambiwa. Mwombeni mkaguzi wa kata kila anapokuja aanze kwa kurudisha majibu: mashauri mangapi ya mtaa huu yalipokelewa, mangapi yamefika mahakamani, yapi yamekwama na kwa nini. Akimaliza hayo ndipo aombe ushirikiano.

Ninyi wenyewe wa kikundi pia mjitazame. Nyumbani kwenu huko Usukumani na kwa jirani zenu Wanyamwezi ndiko sungusungu, walinzi wa jadi, walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shinyanga na Tabora, wakati wizi wa mifugo ulipozidi nguvu za polisi. Walifaulu kwa sababu kila kaya iliwajua na kila aliyesikia yowe alitoka, na mwaka 1989 serikali ikawatambua kwa marekebisho ya sheria ya mgambo. Lakini baadhi yao walijifanya mahakama: walichapa, walitoza faini, waliwaandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Raia anayo ruhusa ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha sharti amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mtuhumiwa akianza kupigwa virungu njiani, kikundi chenu kimekuwa wale ambao magazeti yetu huwaita "wananchi wenye hasira kali", jina ambalo sijawahi kulipenda kwa kuwa linamfanya muuaji aonekane mtu aliyekasirika tu. Na zile fedha mnazochanga kila kaya kwa ajili ya tochi, filimbi na posho za walinzi, bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila mwezi. Nimeona vikundi vingi vikivunjwa na daftari la michango kuliko na wezi.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro. Nilikamatwa Ijumaa jioni kwa kubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, pikipiki ikazuiliwa na mimi nikawekwa mahabusu. Ndugu yangu alipokuja kunidhamini aliambiwa atoe shilingi 50,000, akatoa, hakupewa stakabadhi. Sasa kijiwe chetu kimeitwa kwenye kikao ili tuwe mabalozi wa usalama. Wenzangu wanasema hawaendi. Twende au tusiende? – Bodaboda, Morogoro

JIBU: Nendeni, na suala hili lipelekeni hukohuko kikaoni, mkimsemea yeyote aliyefikwa nalo badala ya kulilia la mtu mmoja.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini huja na kitambulisho na, mara nyingi, barua ya mtendaji. Anasaini, anaondoka na mtu wake. Mtuhumiwa aliyekamatwa bila hati naye hatakiwi kukaa mahabusu zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana, na Ijumaa jioni si kisingizio, ingawa wajanja huipenda sana siku hiyo. Kosa la barabarani kama lako lina faini yake, ambayo kwa pikipiki na bajaji ilipunguzwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, nayo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, haipokelewi mkononi. Fedha aliyotoa ndugu yako bila stakabadhi ni rushwa, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bila malipo kwa namba 113. Ukiogopa kuanzia huko, anza kwa Mkuu wa Kituo, kisha OCD, kisha Kamanda wa Mkoa, ukiwa na tarehe, saa na, ukiweza, namba ya askari iliyo kwenye sare.

Lakini mwanangu, mshikaki uliubeba. Kikao kitakuwa chepesi kwenu ikiwa kijiwe kitafika na daftari la wanachama wake, lenye jina, namba ya pikipiki na namba ya leseni ya kila mmoja, kwa sababu hofu kubwa ya polisi kwa bodaboda ni kwamba hajulikani nani ni nani siku tukio linapotokea.

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni askari kijana, nimepangiwa kata miezi minne iliyopita kumsaidia mkaguzi. Kila ninapofika kwenye kijiwe cha kahawa watu wananyamaza, na wengine wanaondoka. Sijamkosea mtu. Nifanye nini? – Askari, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hawakunyamazii wewe, wanalinyamazia gwanda, na wana kumbukumbu za waliolivaa kabla yako. Miezi minne ni michache.

Nenda kijiweni siku ambayo humtafuti mtu, na usikae kwenye kiti kinachotazama barabara kana kwamba unavizia. Cheza bao ukiweza. Ukishindwa utapendwa zaidi. Usiulize habari za mtaa kwa wiki kadhaa. Jua majina ya wazee, ujue nani ana mgonjwa na nani amefiwa, na ukipata nafasi nenda mazikoni kama jirani, ukishika koleo na wenzako. Mtu wa kwanza atakayekuletea jambo atakuletea dogo, labda ugomvi wa mpaka au mbuzi aliyepotea, na atakuwa anakupima. Lishughulikie, kisha umrudie na jibu hata kama jibu ni kwamba umeshindwa.

Na kahawa yako ilipie mwenyewe kila siku, hata muuzaji akikataa kupokea. Mwachie sarafu juu ya meza.