Moyo au akili? Kwanza niambieni ni moyo wa nani

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Kwenye uamuzi mkubwa, wewe hufuata moyo au akili?", nilitaka kulijibu kwa neno moja: akili. Kisha nikaisoma mifano mliyoiweka chini yake, yaani kuchagua mwenza, kuacha kazi na kuajiri mtu, nikanasa kwenye huo wa tatu. Nimekaa kwenye vikao vingi vya usaili, si kama mjumbe bali kama katibu. Naandika muhtasari, nagawa fomu za alama, nazikusanya na kujumlisha. Katibu hana kura, ila kikao kikiisha kila fomu hupita mikononi mwake.

Wanaosifia machale hunichosha. Hutaja siku machale yalipopatia. Siku yalipokosea hazina msimuliaji. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Meehl, alipitia tafiti kama 20 zilizoshindanisha wataalamu na kanuni rahisi za hesabu: mwanafunzi yupi atafaulu, mfungwa yupi akiachiwa kwa masharti atayavunja. Karibu zote, kanuni ilishinda au ilitoka sare. Nikikutana na mtu anayesema "mimi nikimwona tu mtu namjua", humkumbuka Meehl, nikanyamaza kwa adabu.

Kikao ninachotaka kukisimulia kilikuwa cha kumtafuta mtunza stoo. Msailiwa wa kwanza aliingia wakati feni imepeperusha karatasi za mwenyekiti. Kabla hajakaribishwa kiti alikuwa ameshainama, amezikusanya, amezipanga kwa namba za kurasa na kuziweka mezani kwa mikono miwili. Mwenyekiti akamtazama mjumbe wa kuliani kwake, nyusi juu. Kuanzia hapo usaili ukawa mazungumzo ya watu wanaofahamiana. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwa mwenyekiti na fomu yake niliiona: uzoefu, uandishi wa leja, kompyuta, mawasiliano, uaminifu, kote nane na tisa. Kwenye kompyuta palikuwa na tisa, na swali la kompyuta lilikuwa bado halijaulizwa. Nikasubiri. Mjumbe aliyepangiwa swali hilo aliliuliza karibu na mwisho, kijana akajibu kwamba kompyuta ndiyo kwanza anajifunza, na ile tisa ikabaki tisa.

Mjumbe wa nne alikuwa mama mtu mzima, mtunza stoo mwenyewe, anayekaribia kustaafu. Nafasi iliyotangazwa ilikuwa yake. Aliitwa kwa kuheshimiwa zaidi kuliko kwa kusikilizwa. Alikuwa na swali moja kwa kila msailiwa: "Mwanangu, ukihesabu mali ukakuta imezidi ile iliyoandikwa kwenye leja, utafanyaje?" Wasaili wengine huuliza kuhusu upungufu, na kwa upungufu kila mtu huja na jibu lake tayari. Kijana wa karatasi akasema, "Mama, nitamshukuru Mungu." Chumba kizima kikacheka, mwenyekiti kuliko wote. Mama hakucheka. Aliandika kitu kifupi, akaigeuza fomu kifudifudi.

Aliyefuata alikuwa binti mwenye sauti ya chini, kila mara anaombwa arudie. Alipoulizwa swali la mama alikaa kimya mpaka mjumbe mmoja akaanza kupekua simu. Halafu akauliza yeye: "Imezidi hiyo peke yake, au kuna nyingine imepungua?" Mama akaweka kalamu chini. Binti akaeleza kwamba misumari ya nchi tatu ikizidi na ya nchi nne ikapungua kwa idadi ileile, basi mtu ametoa boksi la huku akaandika la kule. Isipopungua yoyote, kuna mzigo uliopokelewa bila hati, na mwenyewe yuko njiani kuja kuudai. Mwenyekiti alimpa tano kwenye mawasiliano, na tano hiyo ikamfuata karibu kila safu.

Wakati wa majumuisho mwenyekiti akaanza kuzungumza, kama ilivyo desturi ya wenyeviti. "Wa kwanza ndiye, au nakosea?" Wawili wakasema hujakosea. Mama akasema moyo wake unamkataa yule kijana, ila hajui alielezeje. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kabisa: "Mama yangu, hapa hatuajiri kwa moyo. Tazama alama." Alama nilizijumlisha mimi. Kijana alishinda kwa mbali.

Habari hii nilianza kuiandika ili kuzitetea fomu za alama, lakini naona imegoma. Aliyefuata moyo mle ndani alikuwa mwenyekiti, ila moyo wake ulivaa suti ya namba. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliueleza mchezo huu mwaka 1920. Maofisa wa jeshi walipowapima askari wao kwa umbo, akili, uongozi na tabia, alama zilifanana kupita kiasi, kana kwamba mtu akionekana mzuri kwa jambo moja basi ni mzuri kwa yote.

Kuna dawa yake, nayo ndiyo iliyonichanganya. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, luteni wa miaka 21 katika jeshi la Israeli, aliwapangia wasaili wa vijana wanaoingia jeshini utaratibu mpya: sifa sita, maswali ya mambo yaliyokwisha kutendeka, na kila sifa ipewe alama kabla ya kugusa inayofuata. Wasaili walinung'unika kwamba anawageuza mashine. Ili kuwatuliza akawaongezea jambo moja la mwisho: fumba macho, mwone kijana huyu akiwa askari, mpe alama moja. Matokeo yalipopimwa, alama ya kufumba macho ilitabiri vizuri sawa na jumla ya zile sita, na utaratibu wote ukaushinda ule wa zamani. Huyu ndiye aliyekuja kupewa Nobeli ya uchumi mwaka 2002, kwa kazi kuhusu jinsi tunavyokosea kuamua.

Mwaka 2009 aliandika pamoja na Gary Klein, mtetezi wa machale aliyewachunguza makamanda wa zimamoto. Walikubaliana kwamba hisia ya mtu inaaminika palipo na mambo mawili: kazi yenye mpangilio unaojirudia, na nafasi ya kujua upesi ulipopatia na ulipokosea. Mama alikuwa na yote mawili, kwa sababu leja humjibu mtunza stoo kila anapohesabu mali. Mwenyekiti wa usaili hujibiwa na nani? Aliyemkataa hamwoni tena.

Mtauliza kijana aliishia wapi. Alipata kazi kwingine, akaondoka kabla ya hesabu ya kwanza ya mali, kwa hiyo hakuna lililothibitika. Labda ni heri. Watafiti Jonathan Baron na John Hershey walionyesha mwaka 1988 kwamba uamuzi uleule wa daktari kupasua hulaumiwa zaidi mgonjwa akifa kuliko akipona, ingawa nafasi ya kupona ilijulikana tangu mwanzo. Kijana angeiba, ningemwita mama nabii. Asingeiba, ningesema mama ana kisirani.

Basi niandikeni upande wa moyo, kwa shingo upande. Uwe moyo uliokwisha kukosolewa na kazi yenyewe mara nyingi, usemewe baada ya alama kuandikwa moja moja, na mwenyekiti azungumze wa mwisho. Yasipotimia hayo, narudi kwenye akili, tena kwa mbio. Kuhusu kuchagua mwenza, masharti yangu yananitatiza: aliyelirudia zoezi hilo mara za kutosha mpaka akalijua, ni nani angetaka ushauri wake?