Dada yako anazama, ongea naye leo

Pole sana ndugu yangu, dada yako ni askari jela halafu umemkuta anaficha simu ya mahabusu kwenye soksi, hilo si dogo kabisa na hapo ndo huwa panaanzia. Kumbuka Vicky White, askari jela wa Alabama, Marekani, 29 Aprili 2022 alimtoa mfungwa Casey White jela akisingizia anampeleka mahakamani kupimwa akili, alikuwa bosi pale na nyumba keshauza, tarehe 9 Mei wakabambwa Evansville, Indiana, Vicky akajipiga risasi akafa. Kaa naye faragha usimfokee, mwambie asibebe tena kitu chochote, aombe kuhamishwa na aone wakili kabla hajaenda kujieleza kwa mkuu wake. Na gari lako usimwazime, hata akilia.