Mnaoanza uchambuzi wa usalama, acheni kuorodhesha vitisho

Nimetoka kusahihisha rasimu za vijana wapya, na ile sentensi nimeikuta tena: "Njaa, magonjwa na mabadiliko ya tabianchi vinahatarisha uthabiti wa nchi zinazoendelea." Haya, vinahatarishaje? Kimya. Basi wadogo zangu, tusikilizane.

1. Makundi saba ya usalama wa binadamu (yaani usalama wa watu wenyewe, si wa mipaka tu: uchumi, chakula, afya, mazingira, mtu binafsi, jamii na siasa) ya ripoti ya 1994 ya UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, tunayajua sote. Usiyanakili ukurasa mzima.

2. Onyesha kitisho kimepitia wapi. Hapa ndipo mnaponichosha. Karibu kila rasimu inasema bei ya mkate ilimng'oa Omar al-Bashir wa Sudan, nukta. Ni kweli, maandamano ya Atbara ya Desemba 2018 yaliwashwa na mkate uliopanda kutoka pauni 1 hadi 3. Lakini ulipandaje? Sudan Kusini ilipojitenga 2011 iliondoka na takriban robo tatu ya mafuta. Dola zikaadimika, ngano ya kuagiza ikawa mzigo, ruzuku ikakosa wa kuilipa. Kufikia 2018 watu walikuwa wakipanga foleni benki kudai pesa zao wenyewe na kurudi mikono mitupu. Halafu kuna hatua mnayoiruka kila mara: Aprili 2019 umati ulipiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, na waliomwondoa Bashir ni majenerali wake mwenyewe. Ukiishia kwenye mkate, utaelezaje kwa nini madaraka yaliangukia mikononi mwa wenye bunduki? Mimi huandika "kisha?" pembeni mwa kila aya hadi wino unaisha, na bado mnanichukia.

3. Pima pia jinsi serikali ilivyojibu. Agosti 2014 Liberia ilituma askari kuuzingira mtaa wa West Point, Monrovia, kuzuia Ebola. Wakazi wakarusha mawe, risasi zikafyatuliwa, kijana mmoja akafa. Siku kumi baadaye karantini ikaondolewa. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa, ila ghasia zile zilizaliwa na amri.

4. Mashambulizi ya mitandaoni nayo ni vitisho vya usalama. Kosta Rika ilifuta jeshi lake 1948, lakini 2022 wadukuzi waliishambulia wizara ya fedha, mifumo ya kodi na forodha ikasimama, na Rais Rodrigo Chaves akatangaza hali ya dharura. Mwenzenu mmoja kaniuliza kama hiyo nayo ni kazi yetu wachambuzi wa usalama, maana hakuona kifaru cha vita. Nimemrudishia rasimu.